Bakuli la Kurudisha

Kufikia Desemba, Tak Sun-yeong alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kulalamika kulimchosha. Alikuwa afisa ustawi katika ofisi ya mtaa wa Cheongmoru, mlimani juu ya bandari ya Busan, na kila mwaka mwezi huu ulikuja na sura ileile: mfuko wa dharura wa wilaya umebaki makombo, baridi ndiyo kwanza inaanza, na watu wanajipanga mlangoni tangu asubuhi wakipuliza viganja. Mfuko huo ulikuwa na kazi mbili, kulisha watu na kuwapatia pa kulala. Upande wa chakula haukuwa na kelele. Kila Jumanne Sun-yeong na akina mama wa kujitolea walipandisha mabakuli ya mboga na samaki kwa wazee wanaoishi peke yao. Kelele zilikuwa upande wa vyumba. Katika mji ule hakuna mwenye nyumba anayekupa ufunguo bila amana, na amana ya chumba, hata kama ni kibovu, ni pesa ambayo mtu wa Cheongmoru huisikia tu redioni.

Mwaka huo zilibaki fedha za kumwokoa mtu mmoja, na Sun-yeong alikuwa na mtu wake.

Mtu huyo alikuwa Bibi Eom Bun-nam, mjane wa karibu miaka themanini, aliyepasua samaki sokoni maisha yake yote mpaka magoti yakagoma. Aliishi juu kabisa, ngazi zinapokwisha, katika chumba kimoja chenye jiko la nje. Mwenye nyumba alikufa, wanawe wakauza, na aliyenunua alitaka kuvunja ajenge maegesho ya magari. Bibi alitakiwa awe ametoka kabla ya mwaka kwisha. Sun-yeong alizunguka mji mpaka soli za viatu zikalika, akapata chumba cha chini nyuma ya soko, hakina ngazi hata moja, na mama mwenye chumba akakubali kukishikilia mpaka Ijumaa. Zaidi ya hapo, alisema, yeye si hekalu la kugawa sadaka.

Bibi Bun-nam alikuwa na kasoro moja, kwa macho ya serikali. Hakujua kupokea tu. Ukimpelekea bakuli la chakula leo, Jumanne inayofuata analirudisha limeoshwa linang'aa, na ndani yake kuna kitu: kiazi kitamu cha kuchemsha, majani ya mboga aliyoyatia chumvi mwenyewe, siku nyingine peremende zilizoanza kulainika. Kwa watu wa rika lake bakuli la mwenzio halirudi tupu, ni kama kumpiga kofi. Sun-yeong alikuwa amemweleza mpaka mdomo ukauma kwamba mtumishi wa serikali haruhusiwi kupokea zawadi.

"Sheria inanikataza, Bibi."

"Sheria gani hiyo inayoogopa kiazi?"

"Naweza kufukuzwa kazi."

"Basi kimalize hapahapa. Kikishafika tumboni nani atakiona?"

Na Sun-yeong alikimaliza hapohapo, amesimama kwenye upepo, kwa sababu kubishana na Bibi kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo. Pia, tuseme ukweli, kilikuwa kitamu.

Lakini tangu majani yaanze kudondoka, vitu vya ndani ya bakuli vilikuwa vikipungua. Viazi vilikwisha, mboga zikafuata. Wiki iliyopita bakuli lilirudi na peremende moja, imeviringishwa kwenye karatasi laini ili ionekane kubwa. Sun-yeong aliishika mkononi muda mrefu. Ofisini hakuna aliyehitaji kumweleza Sun-yeong jinsi Bibi anavyoishi, peremende ile ilikuwa imeshasema.

Jumatatu, mkuu wa kitengo chake, Bwana Ma, alimwita. Bwana Ma alikuwa mtu mwema ambaye alibakiza mwaka mmoja astaafu, na wema wake wote alikuwa akiutunza kwa ajili ya siku hiyo.

"Wilaya wanamtuma mkaguzi," alisema. "Bila yeye kuingia chumbani mwenyewe, amana haitoki. Unakumbuka yule jamaa wa mwaka jana aliyepewa chumba, halafu akaonekana na gari mbili? Magazeti yalitula nyama. Hawataki tena."

"Anakuja lini?"

"Keshokutwa. Anaitwa Bwana Myeong. Usimpambie maneno, hapendi. Akiona dharura ataandika dharura. Akiona mtu anaishi, ataandika anaishi."

"Na Bibi wa watu ataishi mpaka lini?"

"Sun-yeong, mimi nimekwambia kilichosemwa. Nenda kamwandae."

Kamwandae. Neno hilo ndilo lililomtia hofu, maana Bibi Bun-nam alijua namna moja tu ya kujiandaa kwa mgeni.

Jumanne alipanda na mabakuli yake, akaanzia juu. Chumbani mwa Bibi kulikuwa na baridi kuliko nje. Sakafu za nyumba zile hupashwa moto kwa makaa kutoka chini, lakini hii ilikuwa kama jiwe la mtoni. Bibi alisema makaa yanamkausha koo. Mtungi wa gesi ulikuwa umekwisha. Bibi alisema ameupumzisha. Alikuwa amejifunga koti la kutokea na soksi juu ya soksi, na pembeni godoro lake jembamba lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe.

"Bibi, kesho anakuja mtu wa wilaya."

"Mkubwa?"

"Mkubwa kiasi."

"Anapenda kula nini?"

Sun-yeong alifumba macho. "Hali kitu. Bibi, nisikilize vizuri. Kesho usipike. Usiazime chochote kwa mtu. Hata kufagia usifagie. Chumba kiwe hivihivi kilivyo. Mtu huyu anakuja kuona shida."

"Kuona shida," Bibi alirudia, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Yaani mtu apande ngazi zote hizi, mimi nimkalishe kwenye baridi, nimtolee shida zangu azitazame?"

"Ndiyo."

"Mama yako ndivyo alivyokufundisha?"

"Mama yangu hakukaguliwa. Bibi, tusipopata hela hii, Ijumaa chumba kinakwenda kwa mwingine. Utalala wapi?"

Bibi aligeuza uso. Kupitia dirishani zilionekana paa za watu na matangi ya maji ya buluu, na chini kabisa winchi za bandarini. Aliviangalia vyote hivyo alivyoviangalia tangu aolewe.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema.

Sun-yeong alishuka akijua vizuri kwamba Bibi hakusema amekubali. Lakini miguu ilikuwa inamuuma, mabakuli yalikuwa bado mengi, na akajiambia neno ambalo mtu aliyechoka hujiambia. Huenda.

Siku ya pili yake Bwana Myeong alifika ofisini amevaa koti zito jeusi, mtu mpole mwenye miwani, na mkononi amebeba katoni ndogo ya juisi aliyoinunua dukani kwa pesa yake. Hata mkaguzi haingii kwa mzee mikono mitupu. Sun-yeong aliitazama ile katoni kwa hofu. Alikuwa ametegemea mtu asiye na adabu, wa kuikataa meza ya Bibi.

Walipanda, mkaguzi akisimama kila kona kuvuta pumzi. Kabla hata hawajauona mlango, harufu iliwapokea: supu ya figili na samaki mkavu, na mafuta ya ufuta juu yake. Sun-yeong alijua hapohapo kwamba wamekwisha.

Bibi Bun-nam alisimama mlangoni amevaa jaketi la zambarau, nywele amezichana kwa maji. Ndani, sakafu ilikuwa ya moto mpaka nyayo zinawasha. Hita ya umeme ilikuwa inawaka nyekundu kwenye kona. Kando ya ukuta kulikuwa na mfarishi mnene wa pamba wenye maua makubwa, na katikati meza fupi imejaa: wali mweupe uliojazwa mpaka juu, supu, samaki wa kuchoma, na kimchi, kabichi ya kuchachusha, mpya, iliyoiva kwa pilipili. Sun-yeong alivitambua vyote. Hita ilikuwa ya Mama Dong-sup wa nyumba ya chini, mfarishi wa dobi wa mtaa, na ile meza aliiona miaka yote imeegemezwa nyuma ya duka la mboga. Mtaa mzima ulikuwa umehamia mle chumbani.

"Karibuni, karibuni. Mmekula? Hamjala. Kaa hapo penye joto, Bwana mkubwa."

"Mama, mimi nimekuja kikazi."

"Kazi itakimbilia wapi? Supu ndiyo inayopoa."

Bwana Myeong alikuwa mkaguzi, lakini alianza kuwa mtoto wa mtu kabla ya kuwa mkaguzi. Akakaa. Akala. Bibi alikaa pembeni ya meza bila kijiko, akimsogezea minofu ya samaki, na kila mgeni alipoonyesha dalili ya kumaliza wali, alimwongezea.

"Chakula unapata vizuri, mama?"

"Sina neno. Serikali inaniletea, majirani wananipa. Mimi nani hata nilalamike?"

"Na baridi?"

"Si umekalia sakafu mwenyewe?"

"Bibi," Sun-yeong aliingilia, "mwambie kuhusu gesi. Mwambie kuhusu makaa."

"Huyu binti anachapa kazi sana," Bibi alimwambia mgeni. "Angalia uso wake ulivyoporomoka. Mwandikieni likizo."

Bwana Myeong alicheka, na Sun-yeong akatamani kulia. Alipoangalia ile meza aliona amana ya chumba inaliwa kijiko kwa kijiko.

Wakati wa kuaga, Bibi alimpa mgeni bakuli la mfuniko lililojaa kimchi. Mgeni akakataa kwa mikono miwili, akaitaja sheria. Bibi akamuuliza kama anataka amkimbize nalo ngazini na magoti yale. Akalichukua. Kichochoroni Mama Dong-sup, mwanamke mnene mwenye roho safi, alimvuta Sun-yeong mkono.

"Dada, kesho saa tatu asubuhi nakuja kuchukua hita yangu, mtoto anakohoa. Na wenzangu nao watakuja kuchukua vyao. Lakini imesaidia, eh? Amependeza Bibi wetu?"

"Amependeza sana," alisema Sun-yeong.

Njiani kushuka alimwambia mkaguzi kila kitu. Kwamba hita si yake, meza si yake, samaki hajui hata katokea wapi. Bwana Myeong alimsikiliza mpaka mwisho, na hakumkatiza.

"Kila afisa huniambia hivyo, dada," alijibu. "Hata yule wa gari mbili, afisa wake aliniapia. Mimi nimetumwa kuandika nilichoona. Nimeona sakafu ya moto na wali wa kumwaga."

"Umeona mgeni anavyopokelewa."

"Huenda. Lakini hicho hakina pa kuandikwa."

Usiku huo Sun-yeong hakumpigia mama mwenye chumba. Alijilaza na nguo zake na kumkasirikia Bibi kwa moyo wote, kisha akajikasirikia mwenyewe, kisha usingizi ukamchukua kabla hajamfikia mkaguzi.

Alhamisi asubuhi Bwana Myeong aliingia ofisini akiwa na karatasi zake tayari, akapita mezani kwa Sun-yeong. "Nimeandika si dharura ya mwaka huu," alisema taratibu. "Nasikitika. Ana majirani wazuri, hilo nalo ni kitu." Halafu akatoa kwenye mfuko bakuli la kimchi, limeoshwa, na alipofunua mfuniko lilikuwa limejaa machenza.

"Mpelekee bibi. Mke wangu anasema kimchi kama ile hajaila tangu mama yake afariki. Sheria najua, lakini bakuli la mzee nalirudishaje tupu?"

Sun-yeong alitazama machenza. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa tatu. Akamkumbuka Bibi na jaketi lake la zambarau, jinsi alivyonyoosha mgongo mlangoni, na akaona aibu kwa wazo lililomjia. Lilikuwa wazo la kumsaliti mtu. Pia lilikuwa njia pekee iliyobaki.

"Mimi leo sipandi," alisema. "Magoti. Na bakuli hurudishwa na aliyekula, Bwana Myeong. Ukinituma mimi, atasema wilaya haina adabu."

Mkaguzi alimwangalia, akaguna, akavaa tena koti lake.

Alijaribu kukaa, Sun-yeong, na akashindwa. Mzee mmoja aliyekuwa mbele ya foleni alianza kumweleza habari za bomba lililopasuka, naye akamwomba radhi, akatoka akakimbia ngazi na yale magoti aliyoyasingizia. Alifika kona ya mwisho anahema.

Bwana Myeong alikuwa amesimama nje ya mlango wa Bibi, bakuli kwenye mikono miwili, amejibana ukutani kuwapisha watu. Mama Dong-sup alitoka na hita, waya umening'inia. Akafuata dobi na mfarishi begani, kisha mwenye duka na meza, na nyuma yake mtu aliyeviringisha mtungi wa gesi. Kila mmoja aliinamisha kichwa mbele ya mgeni na kumwomba samahani kwa kumziba njia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna kitu cha kuficha. Mlango ulibaki wazi.

Ndani hamkuwa na kitu. Bibi Bun-nam alikaa sakafuni ndani ya koti lake la kutokea, na mbele yake, chini, kulikuwa na lile bakuli la wali alilotumia mgeni jana. Alikuwa amemimina supu iliyobaki juu ya makombo ya wali, supu ya baridi iliyoganda mafuta, na alikuwa anakula. Ndipo Sun-yeong alipoelewa kwa nini jana Bibi hakushika kijiko. Kilichopikwa kilikuwa cha mgeni tu, kilichosazwa ndicho chake.

Bibi aliinua macho akamwona mkaguzi. Alilisogeza bakuli nyuma ya mgongo wake, polepole, kama msichana aliyefumwa jikoni.

"Ungetuma habari," alisema. "Mtu hutuma habari kwamba anakuja."

Bwana Myeong alivua viatu. Aliingia na soksi kwenye ile sakafu, na Sun-yeong akamwona anashtuka nyayo zilipoigusa. Alipiga magoti, akaweka machenza mbele ya Bibi kwa mikono miwili. Alitaka kusema neno, miwani ikamjaa ukungu, akaivua.

"Ni ya mke wangu, mama. Anashukuru kwa kimchi."

"Mwambie asante."

Kisha macho ya Bibi yakapita juu ya bega la mgeni, yakatoka nje, yakamkuta Sun-yeong kichochoroni. Yalikaa hapo.

"Umemleta wewe," alisema. Hakukuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuvumilia.

"Ndiyo, Bibi," alisema Sun-yeong.

Bwana Myeong alizichana karatasi zake palepale kwenye ngazi, akaandika upya amesimama, na alipofika chini alipiga simu wilayani kwa sauti ambayo Sun-yeong hakudhani anayo. Ijumaa kabla ya chakula cha mchana amana ilikuwa imelipwa. Jumamosi majirani walimhamisha Bibi kwa mkokoteni wa sokoni, safari moja tu, na mkokoteni haukujaa. Bwana Ma alimpigapiga Sun-yeong begani, akasema unaona, mfumo unafanya kazi. Sun-yeong alikubali kwa kichwa. Alikuwa na furaha, isingekuwa haki kusema hakuwa nayo. Usiku wa theluji ya kwanza alilala vizuri akijua ile sakafu ya nyuma ya soko ina joto.

Jumanne iliyofuata alipeleka bakuli kwenye chumba kipya, bila kupanda hata ngazi moja. Bibi Bun-nam alifungua mlango kabla hajabisha mara ya pili. Uso wake ulikuwa na rangi nzuri. Alipokea bakuli jipya kwa mikono miwili, akainama, na akarudisha lile la wiki iliyopita.

"Asante sana, Afisa," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Sun-yeong alisubiri kidogo pale mlangoni, akidhani labda kuna jingine litafuata, utani kuhusu uso wake au swali kama amekula. Bibi alimtakia kazi njema na kufunga mlango taratibu.

Alijua kabla hajafunua, kwa uzito wake mkononi. Hata hivyo alifunua, hapo kichochoroni, mgongo ameuelekeza kwenye upepo. Bakuli lilikuwa limeoshwa likakauka, na ndani hamkuwa na kitu, hata peremende. Ndivyo sheria inavyotaka. Ndivyo alivyomwomba Bibi miaka yote. Roho ilimuuma kiasi kwamba alilazimika kushika ukuta.

Kisha alilifunika, akalitia kwenye mfuko pamoja na mengine, akaenda mlango unaofuata.